Mwaka wa 1884 katika Njia ya Misafara

Katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, na baadaye Tanzania, mwaka wa 1884 haukuwa na hesabu moja. Waarabu na Waswahili wa Tabora waliuhesabu kwa Hijra: ulianza ukiwa 1301, na mwezi wa Oktoba ikaingia 1302. Wamisionari wa Urambo na wa Kipalapala waliuandika katika shajara zao kwa hesabu ya Kizungu. Wanyamwezi wenyewe, tangu misitu ya Urambo hata tambarare za Wembere ambako leo ni Wilaya ya Igunga, hawakuwa na haja ya tarakimu. Kwao miaka ilijulikana kwa mvua na njaa, kwa vita, na kwa watemi wao: zama za fulani, mwaka aliotawazwa, mwaka aliokufa. Kwa hesabu hiyo mwaka wa 1884 ulikuwa mzito kuliko mingi iliyoutangulia, kwa sababu katika mwezi wake wa mwisho walikufa watu wawili ambao majina yao yalitajwa kwa hofu tangu Ziwa Tanganyika hata Ugogo: Mirambo wa Urambo na Nyungu ya Mawe wa Ukimbu.

Mwanafunzi wa historia, hata hivyo, huujua mwaka huo kwa mambo mengine. Huujua kwa Mkutano wa Berlin uliofunguliwa tarehe 15 Novemba, na kwa safari ya Karl Peters aliyeingia Usagara na karatasi zake za mikataba. Habari hizi mbili, ya vifo vya watemi na ya mikataba ya Wazungu, kwa kawaida husomwa katika sura mbalimbali, kana kwamba zilitokea katika nchi mbili. Lakini nchi ilikuwa moja na miezi ilikuwa ile ile. Zikiwekwa pamoja, mwezi kwa mwezi, zaonyesha jambo ambalo kila moja peke yake hailionyeshi: ya kuwa wakati wageni walipokuwa wakiandikiana haki juu ya nchi, wale ambao wangaliweza kujibu kwa niaba ya bara walikuwa wakiondoka duniani, na ya kuwa kilichobaki baada yao hakikutegemea ukubwa wa majina yao, bali namna walivyopanga kazi zao walipokuwa hai.

Kwanza yafaa kuifahamu njia yenyewe. Njia kuu ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Usagara na Mpwapwa, ikavuka Ugogo penye ukame na hongo nyingi, ikaingia katika pori la Mgunda Mkali, kisha ikatokea Tura na Rubuga hata kufika Unyanyembe, yaani Tabora. Mwendo huo uliwachukua wapagazi yapata miezi mitatu. Kutoka Tabora njia iligawanyika: tawi moja likaenda magharibi kupitia Urambo na Uvinza hata Ujiji; jingine likaelekea kaskazini kwenda Usukuma na Ziwa Nyanza, likiacha upande wa mashariki mbuga za Wembere, ambazo wakati wa masika hujaa maji na kuitenga nchi ya Wanyamwezi na ile ya Wanyiramba. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Merikani, kaniki, ushanga, baruti na bunduki zilipanda bara. Watumwa nao walishushwa kwa njia hiyo hiyo, ingawa wengi walibakizwa bara kulima mashamba ya Tabora na ya watemi.

Wachukuzi wa bidhaa hizo hawakuwa watumwa, kama watu wengi wanavyodhani. Wengi wao walikuwa vijana wa Unyamwezi na Usukuma waliojiajiri kwa ujira, na kwao safari ya pwani ilikuwa kama jando la pili. Kijana ambaye hajapata kuiona bahari hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, nao uliwekwa begani, siyo kichwani, kwa desturi ya Wanyamwezi. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, na wanyampara wakawasimamia watu. Biashara yote ya bara ilisimama juu ya mabega hayo. Kwa hiyo aliyeweza kuifunga au kuifungua njia alikuwa na nguvu iliyosikika mpaka Unguja, katika jumba la Seyyid Barghash.

Watu wawili walielewa jambo hilo kuliko wengine wote, na wote wawili walikuwa watoto wa koo za watemi. Wa kwanza alizaliwa Uyowa yapata mwaka wa 1840, akiitwa Mbula Mtelya, mwana wa Mtemi Kasanda. Jina la Mirambo, ambalo maana yake ni maiti, alilipata katika vita, wala hakulipata bure: vijiji vilivyompinga vilichomwa moto, na wake na watoto wa walioshindwa wakagawiwa washindi. Jeshi lake lilikuwa la rugaruga, vijana waliotoka katika makabila mengi, wengine yatima wa vita na wengine watoro wa misafara, wasio na ukoo mwingine ila bwana wao. Mwaka wa 1871 aliingia vitani na Waarabu wa Tabora, na mwezi wa Agosti mwaka huo rugaruga wake waliingia Tabora yenyewe na kuchoma nyumba. Henry Morton Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, aliona vita hivyo kwa macho yake, naye alishiriki upande wa Waarabu walioshindwa. Vita vikaendelea kwa vipindi hata 1876, na njia ya Ujiji ikawa mara wazi, mara imefungwa.

Hata hivyo si haki kumhesabu Mirambo kuwa mpiga vita tu. Baada ya amani ya 1876 alitaka Urambo pawe soko, watu wa pwani na wa maziwa wakutane kwake badala ya kukutana Tabora. Mwaka wa 1879 alimpokea Daktari Ebenezer Southon wa Chama cha Misheni cha London, akampa mahali pa kujenga karibu na mji wake; wala hakumpokea kwa ajili ya dini, bali kwa ajili ya dawa na kwa ajili ya kalamu. Kwa mkono wa Southon aliandikiana na Balozi John Kirk huko Unguja, akijua kwamba barua yenye muhuri yaweza kufika mahali ambapo mkuki haufiki. Naye Tippu Tip, ambaye jamaa zake walikuwa wamepigana na Mirambo, alisimulia katika habari za maisha yake jinsi walivyopatana alipopita Unyamwezi kwenda pwani na pembe zake. Lakini urafiki na Waingereza ulikuwa umekwisha kuharibika mwaka wa 1880, Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, walipouawa huko Mpimbwe katika shambulio la majeshi ya Mirambo. Na Southon, aliyekuwa kalamu yake, akafa mwezi wa Julai 1882 baada ya kujeruhiwa kwa risasi kwa bahati mbaya. Hivyo mwaka wa 1884 ulipoanza Mirambo alikuwa bado na bunduki nyingi, lakini sauti yake huko pwani ilikuwa imefifia.

Wa pili, Nyungu ya Mawe, alikuwa wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe. Jina lake maana yake ni chungu cha mawe, yaani chombo kisichovunjika. Katika ugomvi wa kurithi kiti cha Unyanyembe, Mnywa Sele aliyewapinga Waarabu alishindwa na kuuawa mwaka wa 1865, na kiti kikabaki kwa Mkasiwa aliyesaidiwa nao. Nyungu, aliyekuwa upande ulioshindwa, akatoka na watu wake akaingia kusini mashariki, nchi ya Wakimbu. Nchi hiyo ilikuwa na watemi wengi wadogo wadogo, kila mmoja na msitu wake na tembo wake. Nyungu akawashinda mmoja baada ya mwingine, akaweka makao yake Kiwele. Kutoka huko rugaruga wake waliikaba njia kuu ndani ya Mgunda Mkali, ambako misafara ilikuwa imechoka na maji yalikuwa haba. Mwaka wa 1878 Penrose, fundi wa misheni ya Kianglikana aliyekuwa akienda Nyanza, aliuawa nao pamoja na wapagazi wake wengi.

Ndivyo ilivyokuwa njia mwanzoni mwa 1884: Mirambo magharibi ya Tabora, Nyungu mashariki yake, na katikati yao Mtemi Isike wa Unyanyembe, mwana wa Mkasiwa, akiishi pamoja na Waarabu ambao nguvu yao ilikuwa imepungua. Hapana aliyekuwa mfalme wa nchi yote. Lakini hapana pia mgeni aliyeweza kupita bila kupatana na mmoja wa hao watatu.

Miezi ya kwanza ya mwaka huo ilileta kifo kimoja ambacho katika Ulaya kilisikitikiwa na wataalamu wachache. Tarehe 27 Machi, huko Katanga, Richard Böhm alikufa kwa homa akiwa na umri wa miaka 29. Alikuwa Mjerumani, mtaalamu wa wanyama, aliyetumwa na tawi la Kijerumani la Chama cha Kimataifa cha Afrika. Yeye na wenzake Kaiser na Reichard walikuwa wamekaa miaka kadhaa kusini ya Tabora, Kakoma na Gonda, wakipima nchi na kukusanya ndege. Kaiser alikuwa amekwisha kufa mwaka wa 1882. Jina la Böhm limebaki katika elimu ya wanyama: pundamilia wa nyanda hizi na keremkerem mmoja mwenye kichwa chekundu wameitwa kwa jina lake.

Kesho yake, tarehe 28 Machi 1884, katika mji wa Berlin kilianzishwa Chama cha Ukoloni wa Kijerumani, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Karl Peters, kijana wa miaka 27 ambaye hajapata kukanyaga Afrika. Tarehe hizo mbili zilifuatana kwa nasibu tu, lakini zaonyesha mabadiliko ya zama. Wajerumani wa kwanza walikuja kuhesabu ndege na mito, wakaomba ruhusa kwa mtemi ili wajenge nyumba. Wale waliofuata walikuja kuhesabu maili za mraba, na ruhusa waliyoitaka ilikuwa ya kumwondoa mtemi mwenyewe.

Katikati ya mwaka likatokea jambo jingine ambalo Tabora hawakuweza kulijua uzito wake. Joseph Thomson, Mwingereza, alirudi pwani ya Mombasa baada ya kuipita nchi ya Wamasai hata Nyanza. Alionyesha kwamba iko njia fupi ya kwenda ziwani isiyopita Unyamwezi. Mwezi wa Juni mwaka huo huo James Hannington aliwekwa wakfu kuwa askofu, na mwaka uliofuata akaichagua njia hiyo mpya, akauawa Busoga. Lakini njia haikufa pamoja naye. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nyanza mwaka wa 1901 ilipita upande huo wa kaskazini. Kwa hiyo, wakati watemi wa Unyamwezi walipokuwa wakigombea ufunguo wa mlango, mlango wa pili ulikuwa umekwisha kupatikana.

Mwezi wa Oktoba alikufa Kabaka Mutesa wa Buganda, na mwanawe Mwanga akashika kiti. Ingawa Buganda ni mbali na Tabora, msiba huo uliigusa njia ya misafara moja kwa moja. Mutesa alikuwa mnunuzi mkubwa wa bunduki na nguo zilizopanda kwa njia ya Unyanyembe, na Mirambo alikuwa ametafuta kwa muda mrefu kufanya naye biashara. Mapadre Weupe waliokuwa wamehama Buganda mwaka wa 1882 na kukaa Bukumbi, kusini ya ziwa katika Usukuma, walipata nafasi ya kurudi huko mwaka wa 1885. Mambo yaliyotokea Buganda katika utawala wa Mwanga, mauaji ya waumini na vita vya dini, ni habari nyingine. Hapa yatosha kusema kwamba mteja mmoja mkubwa wa njia alitoweka, na baada yake ikaja fujo.

Tarehe 4 Novemba Peters aliwasili Unguja pamoja na wenzake watatu, Jühlke, Pfeil na Otto. Hawakukaa siku nyingi. Walivuka wakashukia Saadani, wakapanda haraka kwenda Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Tangu siku za mwisho za Novemba hata katikati ya Desemba walikusanya mikataba kwa wazee na wakuu wa vijiji, na unaojulikana zaidi ni ule wa Mangungo wa Msovero. Maandishi yalikuwa ya Kijerumani. Yalisema ya kuwa mkuu ametoa nchi yake yote na haki zake zote, milele, kwa hiari yake, na ya kuwa yeye si mtu wa Sultani wa Unguja. Kwa upande wa pili kulikuwa na zawadi, vinywaji, na ahadi ya ulinzi. Mtu asiyejua lugha ya karatasi hawezi kulaumiwa kwa yaliyoandikwa ndani yake. Desturi ya nchi ilimfundisha Mangungo kwamba mgeni akileta zawadi anaomba urafiki na mahali pa kukaa, na kwamba ardhi haitolewi milele, kwa kuwa si mali ya aliye hai peke yake.

Peters hakufika Unyamwezi. Njia aliyopita ilikuwa sehemu ya mwanzo tu ya barabara ya Tabora. Aligeuka Usagara akarudi Bagamoyo. Wakati huo huo, huko Berlin, mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekaa mezani. Barghash, aliyedai kuwa bendera yake inaheshimiwa mpaka Ujiji na Manyema, hakualikwa. Wala hapana mtemi hata mmoja wa bara aliyejua kwamba mkutano huo uko.

Ndipo ulipofika mwezi wa Desemba. Tarehe 2 Mirambo alikufa kwa maradhi, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya vita ambavyo risasi hazikumpata. Tarehe 4, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, askari wa Emile Storms walimshambulia mkuu wa Watabwa aliyeitwa Lusinga, wakamwua na kumkata kichwa. Storms alikuwa Mbelgiji, mkuu wa kituo cha Karema upande wetu wa ziwa, naye alikuwa amejenga kituo cha pili huko Mpala. Fuvu la Lusinga lilipelekwa Ubelgiji, likapimwa na wataalamu, likahifadhiwa Ubelgiji kwa zaidi ya karne moja kama kitu cha elimu. Na kabla ya mwezi kwisha akafa Nyungu ya Mawe huko Kiwele. Hivyo chungu kisichovunjika nacho kilivunjika, si kwa jiwe la adui, bali kwa mauti ambayo hayana boma la kuyazuia.

Msomaji aweza kuuliza: je, vifo hivyo vilikuwa na uzito gani, ikiwa watu hao wangekufa tu siku moja? Jibu lapatikana katika yaliyofuata, nayo hayakuwa sawa katika Urambo na Ukimbu.

Katika Urambo ufalme ulikuwa umekaa katika mwili wa mtu mmoja. Mirambo alipoishinda nchi, mara nyingi alimwacha mtu wa ukoo ule ule wa watemi akae kitini, maadamu ametoa vijana wa vita na ameacha njia wazi. Lilikuwa shauri la busara kwa sababu halikuwatia watu uchungu wa kutawaliwa na mgeni. Lakini liliacha kila nchi na mtemi wake, na ngoma zake, na kumbukumbu ya uhuru wake. Kilichowaunganisha ni hofu ya Mirambo na ngawira ya vita vyake vya kila mwaka. Ndugu yake Mpandashalo alirithi kiti, lakini hakuweza kurithi hofu. Nchi zilizoshindwa zikaanza kujitenga moja moja, rugaruga wakatafuta mabwana wengine, na Mpandashalo mwenyewe akafa vitani yapata 1890. Wajerumani walipofika walimkuta Urambo mtemi mmoja miongoni mwa watemi, wala hawakukuta dola.

Katika Ukimbu mambo yalikuwa mengine. Nyungu hakuwaachia watemi wa kale uwezo wao. Aliigawa nchi katika sehemu kubwa, na kila sehemu akaiweka chini ya mtwale, ofisa wake mwenyewe, aliyeweza kumpeleka na kumwondoa apendavyo. Kazi ya watwale ilikuwa kusimamia amani, kukusanya pembe zote na kuzipeleka Kiwele, wala hapana aliyeruhusiwa kuuza pembe kwa mlango wa nyuma. Ulikuwa utawala mkali. Wakimbu hawakuuomba, na wengi waliulipa kwa damu. Lakini ulikuwa na mifupa. Nyungu alipokufa, kiti kilishikwa na mwanamke wa ukoo wake, Mgalula, na watwale wakaendelea kumletea pembe yeye kama walivyomletea Nyungu. Kwa miaka kumi na zaidi dola hiyo ilisimama bila mwanzilishi wake, ikiongozwa na mtu ambaye hakuwa shujaa wa vita, jambo ambalo Urambo haikuliweza hata kwa miaka michache. Mwaka wa 1895 Wajerumani waliivunja si kwa mizinga, bali kwa kuwatambua watwale kuwa watemi, kila mmoja peke yake. Maofisa walioifunga nchi pamoja walifanywa kuwa vipande vyake.

Hapa ndipo lilipo fundisho gumu la mwaka huo. Sifa za Mirambo zimejaa vitabuni, na Wazungu wa wakati wake walimfananisha na Napoleon; Nyungu alitajwa kama mnyang'anyi wa porini mwenye jicho moja. Lakini ukipima kwa kazi iliyobaki baada ya mtu kuzikwa, mnyang'anyi huyo ndiye aliyekuwa mjenzi. Wala isisahaulike kwamba jengo lake halikumwokoa Mkimbu mbele ya Wajerumani. Utaratibu mzuri waweza kudumu baada ya kifo cha mwanzilishi, lakini usipokuwa na mizizi katika mapenzi ya watu, adui aweza kuufungua kwa kuulegeza fundo moja tu, kila ofisa akiahidiwa uhuru wake mwenyewe.

Wako wanaosema kwamba Mirambo angaliishi miaka kumi zaidi Wajerumani wasingaliingia Unyamwezi. Dai hilo ni zito kulithibitisha, na mambo ya Isike yalielekea kulikanusha. Isike alikuwa na ngome imara karibu na Tabora, akawapinga Wajerumani kwa ushujaa. Mwezi wa Januari 1893, ngome ilipoingiwa na kikosi cha Tom von Prince, aliilipua ghala yake ya baruti kuliko kutekwa. Ujasiri haukupungua katika kizazi kile. Kilichopungua ni sauti moja ya njia. Mwaka wa 1890 Emin Pasha alipoipandisha bendera ya Kijerumani Tabora, na Uingereza na Ujerumani zilipokamilisha mwaka huo huo kugawana nchi mpaka maziwa makuu, hapakuwa na mtu wa bara ambaye neno lake lilihusu njia nzima. Isike alisema kwa ajili ya Unyanyembe, Mgalula kwa ajili ya Ukimbu, na Urambo ilikuwa ikijigombania yenyewe. Mirambo angalau aliwahi kuitafuta kalamu, akajua kwamba vita vya zama mpya vitapiganwa pia kwa karatasi. Alikufa siku zile zile ambapo karatasi zilikuwa zikitiwa alama Usagara, mwendo wa majuma machache tu kutoka kwake, wala habari hazikumfikia.

Tarehe 26 Februari 1885 Mkutano wa Berlin ulifungwa. Kesho yake Peters alipewa hati ya ulinzi ya Kaisari, na mikataba ya Mangungo na wenziwe ikawa msingi wa dola. Barghash alilalamika, na mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake. Mwaka wa 1884 ulikuwa umekwisha, lakini deni lake lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kudaiwa.

Njia yenyewe iliishi kitambo. Wapagazi waliendelea kushuka na kupanda mpaka reli ya kati ilipofika Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mwaka wa 1914. Ndipo bega la Mnyamwezi lilipopumzishwa na njia zikaota majani. Watoto na wajukuu wao walikwenda pwani kwa kazi ya mikonge badala ya pembe, na wengine walibaki wakilima pamba na kuchunga ng'ombe katika mbuga za Igunga na Nzega. Mamlaka ya watemi, ambayo Wajerumani na Waingereza waliyatumia kwa manufaa yao, yalifutwa na Tanganyika huru mwaka wa 1963.

Yabaki kutazamwa namna kumbukumbu ilivyogawiwa. Böhm ana ndege wake. Lusinga aliachiwa namba katika kabati ya ugenini. Mirambo ana mji na wilaya inayoitwa Urambo, na shule zinazofundisha jina lake. Nyungu ana masimulizi ya Wakimbu, ambayo bila ya watafiti wachache waliokaa na wazee katika miaka ya 1960 yangalipotea. Lakini mwaka ule walikufa pia wapagazi, wengine kwa ndui, wengine kwa kiu katika Mgunda Mkali, wengine kwa mikuki ya rugaruga, na mizigo yao ikagawiwa wenzao kabla jua halijapanda. Hapana shajara iliyowaandika kwa majina. Hao ndio waliobeba mabegani, frasila mbili mbili, kila kitu ambacho watemi walikipigania na Wazungu wakakiandikia mikataba. Na yeyote atakayeuandika mwaka wa 1884 kwa ukamilifu itampasa aanze kuhesabu kwao.